Nani Alimfundisha?



Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia katika ofisi ya tawi letu akitembea kwa fimbo. Hakuwa mtu wa reli. Alikuwa kibarua wa kukata miti katika msitu wa kupandwa, na kazi hiyo aliifanya siku kumi na moja tu. Siku ya kumi na moja msumeno wa mashine, ule ambao watu wa msituni huuita pawa-so, ulimrukia ukamkata paja. Alikuja kwetu kwa sababu mjomba wake ni mwanachama, na kwa sababu hakujua mlango mwingine wa kubisha.

Alitusalimu kwa heshima, akakaa, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa nakala ya ripoti ya nyapara wake. Mahali pa kuandika sababu ya ajali palikuwa na neno moja tu: UZEMBE.

Tukamwuliza, "Kijana, nani alikufundisha kutumia mashine ile?"

Akajibu, "Hakuna, mzee. Jumatatu asubuhi mwenzangu alinionyesha namna ya kuiwasha. Halafu nyapara akasema, haya, anza pale."

Ndugu, tunaandika tahariri hii kwa sababu ya jibu hilo.

Huenda mwanachama mwingine atauliza, watu wa reli wana habari gani na msitu? Tunazo. Reli hii ilipofika Kisumu mwaka 1901, injini zake zilikula kuni. Mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi, na Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka huo huo. Njia ya zamani ya kwenda Kisumu inapita Elburgon, mji wa mbao, inapita Molo na Londiani, na misitu imo pande zote. Watoto wetu wakikosa kazi kwenye reli huenda kutafuta kibarua msituni. Kwa hiyo damu inayomwagika kule ni damu ya nyumbani kwetu.

Lakini iko sababu nyingine. Sisi wa reli tunajua maana ya kufundishwa kabla ya kushika chombo kinachoua. Hakuna mtu anayepewa injini kwa sababu ana nguvu, au kwa sababu alifika mapema asubuhi. Husomeshwa sheria za ishara, hupanda kama msaidizi, huangaliwa na dereva wa zamani, kisha hufanya mtihani. Na ajali ikitokea, swali la kwanza halimhusu dereva peke yake. Huulizwa: Alipita mtihani gani? Nani alitia sahihi kwamba anaweza? Basi mtu aliyetia sahihi naye hutetemeka, na ni vizuri atetemeke, maana ndivyo anavyokuwa mwangalifu kabla ya kutia sahihi nyingine.

Msituni swali hilo haliulizwi. Nyapara huandika "uzembe" na faili hufungwa. Nasi twasema: mtu hawezi kuzembea kazi ambayo hakufundishwa kamwe. Kama kuna uzembe, ni wa yule aliyempa mashine.

KAZI HII SI YA NGUVU TUPU

Watu wengi hudhani kazi ya msitu ni ya mtu asiyejua kitu. Huchukuliwa yeyote mwenye mikono miwili. Hebu tuitazame.

Mwanzo ni kitalu. Kule hufanya kazi akina mama wengi, na hulipwa kidogo. Wanajaza vifuko udongo, wanasia mbegu, wanahamisha miche midogo bila kuvunja mzizi. Mche ukihamishwa na mzizi uliopinda, utapandwa, utamea, nawe utadhani kazi imefanyika. Miaka kadhaa baadaye upepo unauangusha, na hakuna anayekumbuka siku ile kitaluni. Kisha kuna kuchimba mashimo, kupanda wakati wa mvua, na kupalilia. Halafu kuna kupogoa matawi. Ukikata tawi la msaiprasi ukaacha kisiki, mti hukua ukikizunguka, na mbao itakuwa na fundo litakaloanguka na kuacha tundu. Ukikata karibu mno, umechuna ganda na kuacha jeraha. Mti ule utangoja miaka 25 au 30 kabla ya kupasuliwa mbao, na kosa la asubuhi moja litangoja pamoja nao.

Mwisho ni kuangusha mti, nako ndiko kwenye mauti. Mwangushaji aliyefundishwa hutazama kwanza mti umelalia wapi, upepo unatoka wapi, na kama kuna tawi kavu juu linaloweza kumwangukia. Huchagua njia yake ya kukimbilia, si nyuma kabisa bali nyuma kwa upande, akaifyeka. Huhakikisha kwamba hakuna mtu karibu kwa umbali wa urefu wa miti miwili. Hukata mdomo upande ambao mti utaangukia, karibu robo ya unene wa shina. Kisha hukata kutoka nyuma, juu kidogo ya mdomo ule, akibakiza ukanda wa mti katikati, karibu sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango. Ndio unaouongoza mti uende anakotaka. Asiyefundishwa hukata mpaka mwisho, bawaba ikakatika, na mti ukaenda unakotaka wenyewe.

Na mti ukinasa juu ya mwingine? Aliyefundishwa hapiti chini yake wala haukati ule ulioushika. Asiyefundishwa huona aibu kuacha kazi nusu, akaingia chini.

Na msumeno wenyewe? Ncha ya juu ya lile bao la chuma linalobeba mnyororo ikigusa gogo au tawi, mashine hurudi nyuma ghafla kumwelekea mwenye kuishika. Ni jambo la kufumba na kufumbua macho. Ndiyo sababu kuna breki ya mnyororo, kuna suruali yenye nyuzi za kuusimamisha mnyororo, kuna kofia ngumu, kifuniko cha uso na viziba masikio. Kijana yule alikuwa amevaa suruali ya kawaida na kandambili. Breki ya mnyororo hakuijua hata jina.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wa usalama katika kazi ya misitu mwaka 1998. Humo imesemwa wazi kwamba kazi hii ni miongoni mwa zile za hatari zaidi katika nchi nyingi, na kwamba wafanya kazi wafundishwe na ujuzi wao uthibitishwe kwa cheti. Kwa hiyo hatuombi jambo geni.

CHUO KIPO, LAKINI MLANGO NI MWEMBAMBA

Chuo cha Mafunzo ya Reli cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1956. Mwaka uliofuata, 1957, kilianzishwa Chuo cha Misitu cha Londiani. Vyuo hivi ni kama ndugu wawili waliofuatana kuzaliwa. Londiani wamefundishwa watu wengi hodari wanaoitunza misitu yetu, nasi tunakiheshimu chuo hicho. Tena iko taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, tangu mwaka 1986, yenye elimu kubwa ya mbegu na miche.

Lakini tazameni ni nani anayeingia. Anaingia kijana aliyemaliza sekondari, mwenye karo na mwenye muda wa kukaa chuoni. Akitoka, huwa msimamizi. Ni haki yake. Lakini anayeshika msumeno, anayepogoa, anayekesha usiku wa moto, aliacha shule zamani na hawezi kukaa chuoni, maana asipofanya kazi leo, kesho watoto hawali. Kwa hiyo elimu imekaa juu, na hatari imekaa chini. Msimamizi ana cheti na kalamu. Kibarua ana pawa-so na hana kitu.

Na kibarua ni wa nani? Mwenye msitu huuza miti kwa mwenye kiwanda cha mbao. Mwenye kiwanda humpa kazi kontrakta. Kontrakta humwambia nyapara atafute watu. Ukiuliza nani mwajiri, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Siku ya faida wako wanne, na siku ya ajali hayuko hata mmoja.

Mambo yamezidi katika miaka hii. Februari 2018 serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma. Zuio lilidumu miaka mitano na zaidi, hata Rais akatangaza kuliondoa Julai 2023. Mtu aliyezoea kazi hangeweza kungoja miaka yote hiyo. Alikwenda kuendesha bodaboda, au kulima, au alizeeka tu. Tena kuna mpango uliotangazwa mwaka 2022 wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa, nasi hatuipingi. Twauliza tu: itapandwa na mikono ya nani, na mikono hiyo imefundishwa na nani? Mche hauoti kwa sababu waziri amepigwa picha akiushika.

SHERIA INASEMA NINI

Ndugu, msidanganywe kwamba hakuna sheria. Ziko, na ni nzuri kuliko tunavyozitumia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi ili watu wake wawe salama. Inamtaka atoe mavazi ya kujikinga. Tena mfanya kazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa ya maisha, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, hafai kufukuzwa kwa ajili hiyo. Likumbukeni neno hili siku nyapara atakaposema "anza pale".

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inampa haki aliyeumia akiwa kazini. Kosa la bahati mbaya si kosa la kusudi. Neno "uzembe" katika karatasi ya nyapara haliifuti fidia. Kijana yule tulimwandikia barua, tukamwonyesha ofisi ya usalama kazini, na mmoja wetu akaenda naye. Mpaka leo kesi yake haijakwisha, lakini sasa imeandikishwa, na kontrakta ambaye hakuwa akishika simu ameanza kuishika.

Sheria ya Ajira, pia ya 2007, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi, hata kama anaitwa kibarua kila asubuhi.

Na fedha za kufundisha watu ziko wapi? Waajiri wanatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kwa mwezi, kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Ni mwajiri anayelipa, si mfanya kazi. Mwajiri anayepeleka watu wake mafunzoni anaweza kuomba kurudishiwa gharama kutoka mfuko huo. Basi anayesema "sina pesa za kufundisha" aulizwe kwanza: ushuru umelipa? Na kama umelipa, mbona hukuutumia?

Jambo la mwisho ni jipya. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kwenda shule. Maana yake ni kwamba mzee aliyeangusha miti miaka 20 atazamwe anavyofanya kazi, na akifaulu apewe cheti. Mpango huu ukifika msituni utafaa sana. Ukibaki katika hoteli za Nairobi hautamfaa mtu.

TUNAYOTAKA

Kwanza, asishike mtu pawa-so kwa kazi ya kulipwa kabla hajafundishwa, na cheti kitolewe kwa ngazi. Kule Uingereza hufanya hivi: mtu huanza kwa kuutunza msumeno na kukata magogo yaliyolala chini. Kisha hujifunza kuangusha miti midogo, isiyozidi sentimita 38 kwa unene. Akifaulu ndipo hupanda kwenye miti mikubwa. Ni kama sisi tunavyoanza usaidizi kabla ya udereva. Jambo hili linawezekana hapa.

Pili, anayefundisha asiwe ndiye anayetahini. Kontrakta asiwape watu wake vyeti kama anavyowagawia chai.

Tatu, mafunzo yafuate watu msituni, yawe ya siku chache kwa wakati, na siku hizo zilipwe kama siku za kazi. Mtu mwenye njaa hasikii mwalimu.

Nne, mtihani uwe wa mikono na mdomo, na uwe kwa Kiswahili. Tunataka kujua kama anaweza kuiacha bawaba sawasawa. Hatutaki kujua kama anaweza kuandika insha kwa Kiingereza. Katika reli tumewahi kuona watu hodari wakishindwa kwa sababu ya lugha tu, na wasiojua chuma wakapita kwa sababu ya kalamu.

Tano, akina mama wa kitaluni, wapandaji na wapogoaji wawe na cheti chao pia. Wasiambiwe kwamba ujuzi huanzia kwenye mashine.

Sita, cheti kilete mshahara. Cheti bila nyongeza ni kama tiketi bila treni. Mtu ataikunja aiweke chini ya godoro, na mwenzake akiona hivyo hatajisumbua kujifunza.

NA SISI WENYEWE?

Tumewasema waajiri. Sasa tuseme na wenzetu, maana kidole kimoja kikionyesha mbele vitatu hutazama nyuma.

Wako miongoni mwa wakataji wanaomcheka kijana anayevaa kofia ngumu, wakamwita mwoga. Acheni. Wako mafundi wa zamani wanaoficha ujuzi wao kwa hofu kwamba kijana atachukua nafasi yao. Acheni na hilo. Mwenzako akiangusha mti vibaya, huenda ukakuangukia wewe.

Wako wazee wanaoogopa neno "mtihani". Wametuambia, "Mimi nilianza kazi hii kabla ya huyo mtahini kuzaliwa. Atanipima nini?" Wazee wetu, hofu yenu tunaielewa, na haina aibu. Cheti kikija vibaya, kitakuwa ukuta wa kuwatoa nyinyi nje na kuwaingiza wenye shule. Ndiyo sababu chama lazima kiwepo tangu mwanzo, mpango unapoandikwa. Tukisubiri mpaka karatasi zipigwe muhuri, tutabaki kulalamika. Mkono wa miaka 20 uhesabiwe kwanza, kisha uongezewe yale ambayo haukufundishwa.

Na wako watakaotafuta cheti cha kununua. Kwa hao hatuna maneno mengi. Karatasi ya uongo haizuii mnyororo usiingie katika paja.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wetu wenye ndugu msituni wafanye mambo matatu mwezi huu. Wapeni habari za sheria tulizoandika hapa. Waambieni waandike majina yao, siku walizofanya kazi, na jina la aliyewapa kazi, hata kama ni katika daftari la mtoto, maana asiye na maandishi hukanwa mchana kweupe. Na waleteni kwenye mkutano wa tawi, tuwaunganishe na chama cha kazi yao. Mkataji mmoja akidai mafunzo ataambiwa aondoke, wako wengine langoni. Wakataji mia wakidai, lango litakuwa tupu na mashine zitanyamaza.

Kijana yule alipotuaga alituuliza kama ataweza kurudi kwenye kazi ile mguu ukipona. Hatukumwambia asirudi. Kazi ni yake na msitu ni wa nchi yake. Tulimwambia, "Rudi, lakini siku utakayopewa mashine, uliza mbele ya watu: nani atanifundisha?"

Swali hilo tuliulize sote, kila mtu mahali pake pa kazi, kabla ya ajali na si baada yake.

Umoja ni nguvu.